Sifuri, Safu na Jedwali: Historia ya Makosa ya Wanaoanza Kuandika Programu na Funzo Lake kwa Istilahi za Kiswahili

Ikisiri

Anayeanza kujifunza kuandika programu za kompyuta hukutana mapema na safu na jedwali, na hapo ndipo wengi hukwama. Husoma nje ya mpaka wa safu, huhesabu pungufu au zaidi kwa moja, hubadilisha mlalo na wima, au hugusa kisanduku kimoja na kukuta vingine vimebadilika. Makala haya yanafuatilia asili ya makosa hayo tangu mashine za miaka ya 1940 hadi lugha za programu zinazofundishwa leo. Yanabainisha kwamba mengi ni mabaki ya maamuzi ya wabunifu wa awali, si upungufu wa akili ya mwanafunzi. Yanaonyesha pia jinsi makosa ya aina hiyo yalivyofika katika uchumi na afya ya umma. Mwisho, yanajadili istilahi za Kiswahili za safu, mlalo, wima na fahirisi, na kupendekeza namna ya kuzisanifisha.

1.0 Utangulizi

Safu, katika uandishi wa programu, ni orodha ya thamani zilizopangwa kwa mfuatano chini ya jina moja. Kila thamani hufikiwa kwa namba inayoonyesha mahali pake, na namba hiyo huitwa fahirisi. Safu zikipangwa moja juu ya nyingine hupatikana jedwali, ambalo kila kisanduku chake hutambuliwa kwa fahirisi mbili: ya mlalo na ya wima.

Dhana hii si ngeni kwa jamii ya Waswahili. Ubao wa bao ni jedwali la milalo minne yenye mashimo manane kila mmoja, jumla mashimo 32, na kete zinazochezwa ni 64. Mchezaji hodari hukadiria kete zitaishia shimo gani kabla hajaanza kuzisambaza. Anafanya kichwani kazi ileile ambayo mwanafunzi wa programu hutakiwa kuiandika kwa maneno ya mashine. Ikiwa hesabu hiyo inawezekana barazani bila kompyuta, kwa nini darasani huwa ngumu? Jibu la makala haya ni kwamba ugumu hauko katika dhana yenyewe. Uko katika kaida zilizojengwa juu yake na katika lugha inayotumika kuzieleza.

2.0 Kabla ya fahirisi: programu iliyojiandika upya

Katika kompyuta za kwanza hapakuwa na safu. Palikuwa na kumbukumbu tu, yaani msururu wa mahali palipopewa namba. EDSAC, mashine ya Chuo Kikuu cha Cambridge iliyoanza kufanya kazi Mei 1949 chini ya Maurice Wilkes, haikuwa mwanzoni na njia ya kusema "chukua thamani iliyo mahali fulani, kisha inayofuata". Mtu aliyetaka kujumlisha namba mia moja aliandika amri inayotaja mahali pa namba ya kwanza. Kisha aliandika amri nyingine za kuibadilisha ile ya awali, ili mara ya pili itaje mahali panapofuata. Programu ilijihariri yenyewe ilipokuwa ikiendelea.

Njia hiyo ilifanya kazi, lakini ilikuwa na hatari kubwa. Programu ikirudiwa kabla ya amri zake kurejeshwa katika hali ya mwanzo, ilianzia mahali ilipoachia awali na kusoma vitu visivyohusika. Chuo Kikuu cha Manchester kilitoa ufumbuzi katika mashine yake ya mwaka 1949. Kiliongeza sehemu maalumu ya kuhifadhi namba iliyojumlishwa na anwani ya amri bila kuigusa amri yenyewe. Kifaa hicho ndicho chanzo cha fahirisi kama inavyojulikana leo.

Historia hiyo inafichua jambo linalosahaulika darasani: kwa asili yake fahirisi ilikuwa nyongeza juu ya anwani ya mwanzo. Haikuwa cheo cha kitu katika foleni. Ilijibu swali "hatua ngapi kutoka mwanzo?" na wala si "cha ngapi?". Mkanganyiko wa moja na sifuri umetokana na kuchanganya maswali hayo mawili.

3.0 Moja au sifuri

Fortran, lugha iliyotolewa na kampuni ya IBM mwaka 1957 na kikundi kilichoongozwa na John Backus, ilikusudiwa wanasayansi na wahandisi. Watu hao walikuwa wamezoea kuandika matriki kwa kuhesabu kuanzia moja, na Fortran ikafuata mazoea yao. ALGOL 60 ilichukua njia ya tatu: ilimwachia mwandishi wa programu aseme mwenyewe safu inaanzia wapi na kuishia wapi. Pascal, iliyobuniwa na Niklaus Wirth na kutolewa mwaka 1970, ilirithi uhuru huo.

Mkondo mwingine ulianzia Cambridge. Mwaka 1967 Martin Richards alibuni lugha ya BCPL, ambayo ndani yake kufikia kitu cha safu kulikuwa ni kujumlisha tu: anwani ya mwanzo na fahirisi. Kitu cha kwanza kiko umbali wa hatua sifuri kutoka mwanzo, hivyo fahirisi yake ni sifuri. Dennis Ritchie aliihifadhi kaida hiyo katika lugha ya C mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kutoka C ikarithiwa na Java, JavaScript na lugha nyingine nyingi. Python nayo huhesabu hivyo. Lakini R, MATLAB, Lua na Julia huanzia moja. Mwanafunzi wa takwimu anayetoka R kwenda Python huvuka mpaka usio na kibao.

Mwaka 1982 Edsger Dijkstra aliandika waraka mfupi wa kutetea sifuri kwa hoja ya hisabati. Alieleza kwamba njia bora ya kutaja mfululizo ni kuujumuisha mwanzo na kuuacha mwisho nje, kwa kuwa hapo mwisho ukitolewa mwanzo hupatikana idadi kamili ya vitu. Mfululizo wa vitu vinane ukianzia sifuri huishia kabla ya nane, na idadi inaonekana bila kuongeza wala kupunguza moja.

Bao linaithibitisha hoja hiyo. Mashimo 16 ya mchezaji mmoja huzungukwa kama pete: kete zikifika mwisho wa mlalo wa mbele huendelea katika mlalo wa nyuma, na hatimaye hurudi zilikoanzia. Mashimo yakipewa namba 0 hadi 15, shimo linalofuata lolote hupatikana kwa kuongeza moja, kugawanya kwa 16, na kuchukua baki. Baada ya 15 huja 16, ambayo baki yake ni sifuri, na mchezaji amerudi mwanzo. Mashimo yakihesabiwa 1 hadi 16, kanuni hiyohiyo hutoa baki ya sifuri kwa shimo la mwisho, na shimo lenye namba sifuri halipo. Mwanafunzi hulazimika kuweka sharti la ziada, na katika sharti hilo ndimo kosa huingilia.

4.0 Mpaka wa safu

Kosa linalojulikana zaidi kwa wanaoanza ni la kupitiliza au kupungukiwa kwa moja. Uzio ulionyooka wa mita kumi, wenye nguzo kila baada ya mita moja, huhitaji nguzo kumi na moja. Anayehesabu nafasi badala ya nguzo atapungukiwa. Semina inayofanyika kuanzia tarehe 5 hadi tarehe 12 huchukua siku nane ingawa 12 kutoa 5 ni saba. Kiswahili kina sehemu yake katika tatizo hili: msikilizaji wa kawaida huelewa kwamba neno "hadi" limeijumuisha tarehe ya mwisho. Mwanafunzi akielezwa kwamba amri ya Python inarudia "kuanzia 0 hadi 8", atategemea marudio tisa, ilhali mashine itatoa manane. Kosa hapo ni la mfasiri kabla ya kuwa la mwanafunzi. Tafsiri sahihi ni "kuanzia 0, kabla ya kufika 8".

Wataalamu nao hawakusalimika. Utafutaji wa nusu kwa nusu ni njia ya kutafuta kitu katika safu iliyopangwa, ambapo kila hatua hukata nusu ya safu iliyobaki. Donald Knuth alibainisha kwamba njia hiyo ilichapishwa mara ya kwanza mwaka 1946, lakini toleo lililofaa kwa safu za ukubwa wowote halikuonekana hadi mwaka 1960. Hata hapo safari haikwisha. Mwaka 2006 Joshua Bloch alitangaza kwamba utekelezaji alioutia yeye mwenyewe katika maktaba ya Java ulikuwa na kasoro. Ili kupata katikati, programu ilijumlisha fahirisi ya chini na ya juu. Katika safu kubwa sana jumla hiyo ilizidi 2,147,483,647, ambayo ndiyo namba kubwa kabisa inayoweza kuhifadhiwa katika aina hiyo ya kigeu, ikageuka kuwa hasi.

Swali la kisera lilikuwa moja: nani alinde mpaka? Tony Hoare, katika hotuba yake ya Tuzo ya Turing mwaka 1980, alisimulia jinsi kampuni ya Elliott Brothers ilivyotekeleza ALGOL 60 kwa namna ambayo kila fahirisi ilikaguliwa programu ilipokuwa ikiendelea. Wateja walipoulizwa baadaye kama wangependa ukaguzi huo uondolewe ili kazi iende haraka, walikataa. Lugha ya C ilichagua kinyume: ilimwamini mwandishi wa programu na kuacha ukaguzi.

Gharama ya uchaguzi huo ilionekana Novemba 1988, pale programu hasidi iliyoandikwa na Robert Morris ilipoenea katika intaneti ya wakati huo. Mojawapo ya njia zake za kuingia ilikuwa kutuma herufi nyingi kuliko nafasi 512 zilizotengwa katika safu ya programu mojawapo ya Unix. Mwaka 2014 kasoro iliyopewa jina la Heartbleed iligunduliwa katika OpenSSL. Safari hii mashine ilisoma kupita mwisho wa data iliyotumwa na kutoa nje yaliyokuwa jirani katika kumbukumbu. Kosa la mwanafunzi wa wiki ya tatu na kosa lililotikisa usalama wa mtandao wa dunia ni la ukoo mmoja.

5.0 Jedwali: mlalo, wima na nakala

Kumbukumbu ya kompyuta ni mstari mmoja. Jedwali lina pande mbili, hivyo lazima likunjuliwe. Fortran hulikunjua wima kwanza. C hulikunjua mlalo kwanza. Kwa njia ya pili, mahali pa kisanduku hupatikana kwa kuzidisha fahirisi ya mlalo kwa idadi ya wima, kisha kujumlisha fahirisi ya wima. Kwa ubao wa bao, kisanduku cha mlalo wa 2 na wima wa 5, tukihesabu kutoka sifuri, kiko mahali pa 2 × 8 + 5, yaani 21. Mwanafunzi akizigeuza fahirisi hupata 5 × 8 + 2, yaani 42. Mahali hapo hapapo katika ubao wenye mahali 0 hadi 31, na kosa hugundulika. Lakini akigeuza 2 na 3, badala ya 19 hupata 26. Mahali hapo papo, na programu inaendelea kimya ikiwa na jibu lisilo sahihi. Kosa linalopiga kelele ni nafuu kuliko linalonyamaza.

Lahajedwali limezidisha utata huo. VisiCalc, iliyotolewa mwaka 1979 na Dan Bricklin na Bob Frankston, ilikuwa na wima 63 na milalo 254. Wima zilitajwa kwa herufi na milalo kwa namba, na wima ndiyo iliyotangulia: B3 ni wima wa pili, mlalo wa tatu. Katika matriki mlalo ndio hutangulia. Katika jiometri ya shuleni, jozi ya namba huanza na umbali wa kwenda kulia, ambao katika jedwali ni wima. Mwanafunzi mmoja hukutana na kaida hizo zote, aghalabu bila kuambiwa kwamba zinatofautiana.

Tatizo la tatu ni la nakala. Katika Python, anayetaka jedwali la milalo minne huweza kuandika mlalo mmoja kisha kuamuru urudiwe mara nne. Anachopata ni mlalo mmoja wenye majina manne. Akibadilisha kisanduku katika mlalo wa kwanza, kisanduku kama hicho hubadilika katika yote, kama nyumba moja yenye milango minne: kiti kikihamishwa, kila aingiaye hukikuta kimehama. Dawa ni kuiamuru mashine iunde mlalo mpya kila mara.

Somo hilo linajitokeza vema katika Mchezo wa Maisha wa John Conway, uliotambulishwa kwa umma na Martin Gardner mwaka 1970. Kila kisanduku huishi au hufa kwa kutegemea idadi ya majirani wake walio hai. Kilicho hai hubaki hai kikiwa na majirani wawili au watatu, na kilichokufa hufufuka kikiwa na watatu. Anayeanza hukosea mahali pawili. Kwanza, husahau kwamba kisanduku cha katikati kina majirani wanane, cha ukingoni watano na cha pembeni kabisa watatu. Pili, hubadilisha jedwali lilelile analolisoma, hivyo visanduku vya mwisho huhesabu majirani wa kizazi kipya. Suluhisho ni majedwali mawili, moja la kusoma na jingine la kuandika, pamoja na ukingo wa visanduku vitupu kuzunguka jedwali ili kila kisanduku halisi kiwe na majirani wanane.

6.0 Kosa linapoingia katika sera

Kwa washauri wa sera, mambo haya si ya maabara tu. Mwaka 2010 wanauchumi Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff walichapisha utafiti uliohusisha deni la umma linalozidi asilimia 90 ya pato la taifa na kushuka kwa ukuaji wa uchumi. Utafiti huo ulitajwa sana katika mijadala ya kubana matumizi. Mwaka 2013 Thomas Herndon, Michael Ash na Robert Pollin walionyesha kwamba fomula mojawapo ya lahajedwali iliishia mlalo wa 44 badala ya 49, hivyo nchi tano hazikuingia katika wastani. Kosa hilo lilichangia sehemu ndogo tu ya tofauti. Uteuzi wa data na namna ya kupima uzito wa nchi vilichangia zaidi. Hata hivyo, ni kosa la mpaka wa safu, na lilikaa miaka mitatu bila kuonekana.

Mwaka 2020, wakati wa janga la UVIKO-19, mamlaka ya afya ya umma nchini Uingereza ilipokea matokeo ya vipimo katika aina ya zamani ya faili la lahajedwali, isiyoweza kubeba zaidi ya milalo 65,536. Iliyozidi iliachwa nje. Wagonjwa 15,841 hawakuingia kwa wakati katika hesabu ya taifa, wala majina yao hayakuwafikia wafuatiliaji wa watu waliokaribiana nao. Wagonjwa wenyewe walipata majibu yao. Waliochelewa kujua ni wale waliokuwa karibu nao.

7.0 Istilahi: safu ipi?

Kiswahili kimekuwa katika lahajedwali tangu zamani kiasi. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, na kampuni kubwa za programu zikafuata kwa matoleo yao ya Kiswahili. Maneno "safu mlalo" na "safu wima" yakaenea kupitia skrini kuliko kupitia kamusi.

Tatizo ni mzigo ambao neno "safu" tayari limebeba. Kuna safu ya milima, iliyolala; safu ya gazeti, iliyosimama; safu ya ulinzi katika kandanda; na safu ya askari. Katika uandishi wa programu neno hilohilo huitwa kutaja muundo mzima wa data. Mwalimu akisema "jumlisha safu ya pili", mwanafunzi ana haki ya kuuliza: iliyolala, iliyosimama, au orodha ya pili? Neno "fahirisi" nalo humaanisha orodha ya mwisho wa kitabu, na katika takwimu humaanisha kipimo, kama fahirisi ya bei. Mchumi na mwandishi wa programu wanaweza kulitumia katika mkutano mmoja kwa maana mbili, na kila mmoja akadhani ameeleweka.

Mapendekezo matatu yanafuata. Kwanza, "safu" iachiwe muundo wa data pekee, na pande za jedwali ziitwe "mlalo" na "wima" bila kutanguliwa na neno hilo. Makala haya yamefuata utaratibu huo. Pili, "fahirisi" katika taaluma hii ifafanuliwe kuwa idadi ya hatua kutoka mwanzo wa safu, wala isifafanuliwe kuwa nafasi ya kitu. Kiswahili kina kielelezo tayari: leo, kesho, kesho kutwa, mtondo, mtondogoo. Leo ni hatua sifuri, kesho ni hatua moja, mtondogoo ni hatua nne, ilhali mtondogoo ni siku ya tano katika orodha. Vivyo hivyo ghorofa ya kwanza ni sakafu ya pili ya jengo. Mwanafunzi anayekubali hayo bila kushangaa hana sababu ya kushangazwa na sifuri. Tatu, "hadi" itumike pale tu mwisho unapojumuishwa. Usipojumuishwa, isemwe "kabla ya".

Mapendekezo hayo yanahitaji mahali pa kukubaliwa kwa pamoja. BAKITA, BAKIZA na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ndivyo vyombo vinavyoweza kuoanisha istilahi kabla kila nchi haijachapisha vitabu vyake. Istilahi ikishakaa katika mitaala na skrini, kuing'oa ni kazi ngumu, kama ilivyokuwa ngumu kuiondoa moja ya Fortran au sifuri ya C.

8.0 Hitimisho

Historia ya safu ni historia ya maamuzi madogo yaliyodumu. Nyongeza iliyowekwa Manchester mwaka 1949, mazoea ya matriki yaliyofuatwa na IBM mwaka 1957, na ujumlishaji wa anwani wa mwaka 1967 bado humkuta mwanafunzi mbele ya mashine yake leo. Mwalimu anayeijua historia hiyo hatamwambia mwanafunzi kwamba hakuwa makini. Atamwonyesha ni kaida ipi iliyomkwaza na kwa nini iliwekwa. Kwa watunga sera, funzo ni la aina mbili: majedwali yanayobeba maamuzi ya umma yakaguliwe mipaka yake, hasa milalo ya kwanza na ya mwisho, na lugha ya kuyafundishia isanifishwe mapema. Nchi jirani zinazoitumia lugha moja bado zina nafasi ya kuamua kwa pamoja "safu" ni ipi.